Vijiti Vyekundu Kwenye Taulo

3 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Habari za maabara? Huku wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao tangu juzi umegoma kunyooka. Nimechapa taulo arobaini kwa siku tatu na zote zimeondoka. Arobaini, wifi! Zile picha zako za vishada vya zambarau, ambazo uliapa hakuna mwenye akili timamu atakayejifutia uso, watu wanazigombania. Mwenye saluni hapa jirani kachukua kumi na mbili. Mteja wake mmoja akauliza hizo ni zabibu za wapi. Kuambiwa ni bakteria wanaokaa puani mwa watu, karuka kwenye kiti na mapovu kichwani. Kisha akanunua mbili.

Kila taulo naishonea kibandiko: "Wadudu wa kuchorwa tu. Jifute bila hofu." Kaka yako ndiye aliyetunga maneno hayo, na tangu siku hiyo hatupumui kwa majigambo. Kila mgeni lazima asomewe.

Sasa nisikilize. Chuo cha wauguzi wanataka taulo themanini za mahafali yao, wawape wahitimu, na wanataka nyekundu. Zambarau ninayo. Ile ya pinki, ya vidudu vya tumboni, ninayo. Nyekundu sina. Nitafutie nyekundu, wifi, iwe nzuri kweli, na nitakuchapia jozi ya peke yako ambayo hakuna mwingine atakuwa nayo.

Barua hii anakuletea kaka yako kwenye mkoba wake wa spana, kama kawaida. Najua utasema ningepiga simu. Simu haibebi vipande vya kitambaa, na tangu tulipokuwa bweni moja nimeshauzoea mwandiko wako mbaya. Akifika mtazame vizuri, umlishe. Kutengeneza lifti za huko kwenu kumemmaliza, suruali inamvuka. Anakohoa pia, anasema ni vumbi la kwenye mashimo ya lifti. Mimi hanisikii. Labda wewe, dada yake mkubwa, atakusikia.

Bi Mkubwa wetu katimiza miaka miwili na sasa jina limemwenea kabisa. Anakaa juu ya rundo la taulo karakanani anatuamrisha. Kulala hataki pengine popote ila kifuani kwa baba yake. Anakuulizia wewe, shangazi wa darubini.

Wifi yako,
Mwenye Taulo


11 Februari

Wifi,

Kaka yangu kafika salama, kala, kalala. Sampuli nimepokea. Ile ya zambarau nimeitundika bafuni kwangu na mkuu wangu wa kazi ameshaiona, anaomba yake.

Nyekundu hiyo hapo. Ni picha ya juzi, nimeipiga mwenyewe kwenye darubini, na zaidi yangu wewe ndiye wa kwanza kuiona. Hivyo vijiti vyembamba vyekundu kwenye bluu ni vidudu vya kifua kikuu. Tunapaka makohozi kwenye kioo, tunamwagia rangi nyekundu, tunapasha moto, halafu tunaosha kwa asidi. Kila kitu kinaachia rangi isipokuwa hivyo. Wewe mwenye kazi ya rangi utanielewa: asidi inapita na vyenyewe havichuji.

Hujawahi kupokea picha yangu bila kuniuliza maswali ishirini. Na hii niulize. Uliza lolote, wifi, hata mambo ambayo kwa kawaida huulizi. Nitajibu.

Bi Mkubwa ameshakua, alale kitanda chake. Na fungueni madirisha. Hiyo rangi yako inanuka mpaka kwenye karatasi.

Wifi yako,
wa Maabara


2 Machi

Dada,

Nakuandikia nyuma ya karatasi ya vipimo vya kazi, niko juu ya kichwa cha lifti ghorofa ya sita. Atakuletea mwenzangu akishuka.

Ile barua yako ya tarehe 25 uliyonipa nimpelekee mke wangu, sijampa. Uliifunga kwa gundi halafu ukazungusha utepe, na mimi nikajua ndani kuna nini kabla sijaigusa. Nimeifungua, nimeisoma. Iko chini ya spana, kwenye mkoba.

Usinikasirikie. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia siku ile ya majibu kwamba kazini mmeapa, siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Basi mgonjwa ni mimi. Vidonge nameza kila asubuhi, sijaruka hata siku moja, na nesi kaniambia nikishapita wiki mbili za mwanzo hatari ya kuambukiza inapungua sana. Nimeshazipita. Mke wangu ana taulo themanini za chuo. Watu wakisikia kwamba nyumba inayochapa vidudu ina mgonjwa wa kifua kikuu ndani, nani atajifuta nazo? Nitakuwa nimemuua kwa mdomo wangu.

Nitamwambia mwenyewe mahafali yakipita. Kwa sasa anajua vidonge ni vya vidonda vya tumbo. Anatia maziwa mengi kwenye chai yangu, maskini.

Nakuomba kama mdogo wako. Usimwandikie tena habari hiyo.

Fundi


20 Machi

Wifi yangu,

Nyekundu zimetia fora! Wakufunzi wa chuo walikuja kuangalia zile za mwanzo na mmoja wao akavitambua vijiti kwa mbali, kabla hajavaa miwani. Alicheka mpaka akashika ukuta. Anasema wahitimu wake wametumia miaka mitatu kuvikimbia, sasa watajifutia.

Uliniambia niulize lolote. Swali langu ni moja: ile bluu ya nyuma mnaitoa wapi? Mkorogo wangu kila ukikauka unaingia ukijani.

Lakini nina balaa la rangi, wifi, na nusura linitie wazimu. Taulo za nyumbani zinaota madoa ya chungwa. Si za wateja, za nyumbani tu. Kaka yako akijifuta baada ya kuoga, pale shingoni na kwapani inabaki chungwa hafifu. Kwenye foronya yake vilevile. Nikajua basi, nyekundu yangu inachuja, inamganda mwilini huko karakanani akinisaidia kuanika, halafu inatokea kwenye taulo nyeupe. Nimebadili chumvi. Nimebadili magadi. Nimeloweka kwenye siki. Mwisho nikaona bora hasara kuliko aibu, nikamwaga ndoo mbili nzima za nyekundu na kurudia taulo thelathini ambazo nilishazimaliza. Kaka yako ndiye aliyenishikia ndoo. Mpaka nikamwonea huruma, sijapata kumwona mnyonge vile. Akaniambia, "Pole, mke wangu," kama mara nne.

Na doa bado lipo! Wewe unayejua rangi zinazogoma na zinazoachia, niambie nimekosea wapi.

Bi Mkubwa anakohoa, wiki ya tatu sasa. Chakula hali, amekuwa mwepesi, nikimbeba nahisi mbavu. Mimi nasema ni nyuzi za taulo, nikizikata zinaruka hewani. Nimempeleka kwa daktari mara mbili. Mara zote mbili aliniuliza kama nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu. Mara ya kwanza nikasema hakuna. Mara ya pili nikacheka, nikamwambia, "Daktari, kifua kikuu kwetu kipo, lakini kwenye taulo tu." Na yeye akacheka. Katupa dawa ya maji ya kikohozi, tamu, Bi Mkubwa anaililia.

Wifi yako,
Mwenye Taulo


27 Machi

Wifi,

Nimeisoma barua yako mara nyingi.

Kuhusu rangi: si wewe. Usimwage ndoo nyingine. Usibadilishe chumvi wala magadi, mkorogo wako ni mzuri, na hilo doa halitoki kwenye taulo zako. Muulize kaka yangu. Nasema kweli, keti naye umuulize yeye.

Kuhusu Bi Mkubwa: mrudishe kwa daktari kesho, usingoje dawa iishe. Omba apigwe picha ya kifua. Daktari akikuuliza lile swali tena usimwambie hakuna. Mwambie hujui. Nakuomba, wifi, sema hujui.

Ile bluu ni dawa ya kupaka mwisho, ya dukani, nitakutafutia jina lake.

Nikiandika zaidi ya hapa nitaharibu.

Wifi yako,
wa Maabara


14 Aprili

Kwako uliye maabara,

Barua hii nimeipeleka posta kwa miguu yangu. Hakuna wa kuibeba tena.

Juzi fremu ya kuchapia ililegea skrubu. Kaka yako alikuwa anaoga, mkoba wake uko mlangoni, nikaingiza mkono nitafute spana ndogo. Nilikuta kopo la vidonge, kadi ya kliniki na barua yenye jina langu. Yenye jina langu, imeshafunguliwa, ina alama ya grisi ya kidole gumba. Barua yako ya tarehe 25 Februari nimeisoma tarehe 12 Aprili, nimesimama, mikono ina rangi, na maji ya bafuni nayasikia yanamwagika.

Umeandika vizuri sana. "Wifi, kaa chini kwanza." Sikukaa.

Kadi nayo nimeisoma. Kipimo kilifanywa tarehe 9 Februari, na chini pameandikwa mpimaji, na sahihi ni yako. Ile ile yenye mkia mrefu uliyokuwa unanisainia ruhusa za bweni. Tarehe 11 ukaniletea picha ya nyekundu. "Ni picha ya juzi." Nimehesabu kwa vidole, maana sikutaka kuamini. Juzi ya tarehe 11 ni tarehe 9.

Kwa hiyo ni yeye. Nimemchapa mume wangu kwenye taulo themanini, nikacheka na kila aliyekuja kutazama, nikashonea kibandiko "Jifute bila hofu," na wewe ulijua. Siku unaniandikia kuhusu asidi ulijua. Siku nauliza habari ya bluu ulijua.

Usiniambie uliandika ukweli. Uliandika ukweli halafu ukampa nani aubebe? Ukampa yeye! Kati ya watu wote wenye miguu, ukampa mwenye kuuficha. Simu unayo. Namba yangu unaijua kwa kichwa. Na usiniambie ulidhani imenifikia, kwa sababu nimemuuliza kaka yako kama barua yangu ya tarehe 20 ilikukuta ukijua haijanifikia, naye hajui kudanganya akikamatwa. Kasema alikuandikia mwanzoni mwa Machi kwamba hajanipa. Kwa hiyo nilipokuandikia habari ya daktari ulikuwa unajua kila neno. Mwanamke anakuambia mwanawe anakohoa wiki ya tatu, anakuambia daktari kamuuliza mara mbili, anakuambia kajibu kwa kucheka. Nawe unamwandikia "sema hujui," na karatasi yenyewe kaka yako kanifikishia wiki hii tu.

Nilikuwa najua hakuna, wifi. Hicho ndicho kinachonila. Sikuwa mtu asiyejua. Nilikuwa mtu mwenye uhakika. Nilimtazama daktari machoni, nikasema hakuna, kwa sababu watu wawili ninaowaamini kuliko wote walishakubaliana kwamba hakuna.

Na ndoo zangu! Kaniangalia nikimwaga rangi nzima nzima mfereji wote ukawa mwekundu, nikajilaumu, nikarudia taulo thelathini na mgongo huu, yeye kashika ndoo anasema pole. Jasho lake mwenyewe lile, vidonge vyake ndivyo vinavyolitia chungwa. Watu wawili mnajua na mnaniacha nigombane na chumvi.

Kaka yako analala karakanani. Bi Mkubwa anapigwa picha kesho. Safari hii nitamwambia daktari yote, na tarehe zake.

Sijui nisaini nini.


19 Aprili

Wifi,

Nitajibu yote, kwa sababu hakuna ulichosema ambacho si kweli.

Siku ile alikuja maabara akiwa anatania. "Dada, nipimie hili vumbi la lifti." Kioo chake nilikiweka mimi mwenyewe chini ya darubini, wala sikumpa mwenzangu, kwa sababu nilidhani dakika mbili tu nimtoe wasiwasi tukale. Vilikuwa vingi, wifi. Sikuhitaji kutafuta. Nilitazama mpaka jicho likatoa machozi, nikapiga picha, maana nilitaka kitu nje ya kichwa changu kinachosema ndiyo. Halafu nikageuka, na yeye anachezea kalamu zangu.

Aliniapisha pale pale. Na kiapo cha kazi ninacho, miaka kumi na moja nilikuwa sijakivunja, hata kwa mama yangu mzazi.

Picha nilikutumia kwa makusudi. Hilo hujaniuliza lakini nakuambia. Nilijisemea, mdomo wangu umefungwa, lakini wifi yangu haachi kitu bila kukiuliza. Ataniuliza ni ya nani. Kila picha ulikuwa unaniuliza: ni ya mtu gani, mzee au kijana, alipona? Nikasema akiniuliza sitadanganya. Ukaniuliza rangi. Nikalia kwa hasira, nikakukasirikia wewe, unaona wazimu huo? Nilikukasirikia kwa kutokufumbua fumbo ambalo hukujua ni fumbo.

Barua ya tarehe 25 nilimpa yeye kwa sababu nilitaka aibebe mwenyewe, njiani aone haya, akifika amalize. Ulikuwa ujinga. Aliponiandikia kwamba hajakupa, nilifarijika. Nikasema basi, mimi nimeshaandika. Hapo ndipo nilipokusaliti, wifi. Si kabla, ni hapo. Na barua yako ya tarehe 20 ilipokuja na habari ya mtoto, nilishika simu. Namba yako niliibonyeza mpaka tarakimu ya mwisho. Nikaikata, nikachukua karatasi, kwa sababu karatasi haina sauti yako.

Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba jambo moja. Watakapochukua kipimo cha Bi Mkubwa, kiletwe kwangu. Huko kwenu foleni ni ndefu na wengine wanasoma haraka haraka. Mimi nitakaa na kioo chake saa nzima. Hakuna mtu atakayekitazama kwa uangalifu kama shangazi yake. Ukinikubalia, napanda gari kesho nije kukichukua mwenyewe.

Wa Maabara


6 Mei

Wifi,

Nimekaa na barua yako siku kumi na mbili kabla ya kukujibu, maana kila nilipoanza kalamu ilitoboa karatasi.

Kipimo cha Bi Mkubwa hakikuja kwako na hakitakuja. Alikisoma mtu ambaye simjui jina wala sura. Hajawahi kulala bweni moja na mimi, hana kaka aliyenioa, hanipendi wala hanichukii. Kilipelekwa siku ya Jumatatu, Jumatano majibu yakaja. Siku mbili. Wewe unayetupenda ulichukua miezi miwili.

Anacho. Picha ya kifua ilionyesha, na kipimo kikathibitisha. Daktari hakunigombeza. Alinionyesha tu kwenye faili pale alipoandika mara mbili "mama anasema hakuna mgonjwa nyumbani," kwa kalamu yake, akasema angemwanzishia dawa tangu Machi kama angejua. Anasema atapona. Miezi sita, kila siku, bila kuruka. Mimi nimepimwa, sina. Kaka yako anamaliza zake Agosti. Anamnywesha mtoto dawa asubuhi kisha anarudi karakanani, na tunasemeshana habari za mtoto tu. Kama iko siku tutasemeshana mengine, sijui.

Chuo cha wauguzi niliwaambia mwenyewe. Nilikwenda na taulo zote themanini mkokotenini, nikasimama mbele ya mkuu wa chuo, nikasema, kabla hujapokea ujue nyumbani kwangu wapo wagonjwa wawili wa kifua kikuu, na hii picha ni ya mmoja wao, maana naye ameniruhusu niseme. Alizipokea zote, akaniuliza mtoto anaendeleaje. Ndivyo ilivyokuwa rahisi. Kile alichokuwa anakiogopa kaka yako, na wewe ukakiogopa pamoja naye, kiliisha kwa dakika tano, nami nikiwa bado sijapewa kiti.

Ile jozi niliyokuahidi, ya peke yako, sitaichapa. Kitu kilichomo kwenye kifurushi hiki ni taulo ya Bi Mkubwa, ile ndogo nyeupe isiyo na picha. Dawa zake ni chungu. Jana aligoma, akalia sana, tukashikana mieleka mimi na yeye mpaka akameza, halafu nikamfuta machozi. Utaona pale pembeni yalipopita machozi ya macho mawili. Ni chungwa, hafifu, kama lile la baba yake.

Safari hii sikugusa chumvi, wala siki. Nilijua ni nini.

Wewe uliye maabara, itundike bafuni, pale ulipotundika ile ya zambarau.

Mama wa Bi Mkubwa